Uchambuzi wa kisa: Dee Dee na Gypsy Blanchard, mama aliyejibu kila swali aliloulizwa mtoto

Jumapili ya tarehe 14 Juni 2015, mtaa mmoja wa Springfield, jimbo la Missouri kule Marekani, watu wamefungua Facebook wanakuta kwenye akaunti ambayo mama na binti yake walikuwa wanaitumia pamoja kumeandikwa tusi, kwamba yule mwanamke amekufa. Wengi wakajua akaunti imeingiliwa na wahuni. Wakapiga simu, haipokelewi. Wakaenda mpaka nyumbani, kijumba cha rangi ya pinki chenye njia ya mteremko mlangoni ya kupitishia kiti cha magurudumu, wakakuta gari limepaki palepale, wakagonga wee, kimya. Jirani mmoja akapenya dirishani. Ndani kiyoyozi kinaunguruma, hakuna kilichovunjwa wala kupekuliwa, ila kuna kitu kimoja kilimshtua, viti vya magurudumu vya yule binti vyote vipo. Binti mwenyewe hayupo.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya hao majirani. Binti huyu wanamjua hawezi kusimama, analishwa kwa mrija uliotobolewa tumboni, usiku analala na mashine ya kumsaidia kupumua, kichwa hakina nywele, akili yake mama yake kasema ni ya mtoto wa miaka 7. Ameenda wapi bila kiti? Usiku ule polisi walipopata kibali cha kupekua wakaingia wakamkuta mama kitandani, ameshakufa siku kadhaa, kachomwa visu mgongoni. Mtaa mzima ukalia vilio viwili kwa mpigo, cha mama aliyeuawa na cha mtoto mgonjwa aliyetekwa, na watu wakaanza kuchangishana hela ya mazishi.

Kesho yake polisi wakafuatilia ile post imetumwa kutoka wapi, wakafika Big Bend, jimbo la Wisconsin, mamia ya kilomita kutoka pale, na humo ndani wakamkuta binti yupo na mpenzi wake. Anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Mrija hana haja nao, saratani hana, hajawahi kuwa nayo. Sherifu wa kaunti ya Greene, Jim Arnott, akawaambia waandishi kwamba mambo siyo yanavyoonekana. Sisi tunasema nyumba njema si mlango.

Binti anaitwa Gypsy Rose Blanchard na mama yake Clauddine, ambaye wote walimwita Dee Dee. Kisa chao kimeshatengenezewa vipindi na tamthilia mpaka basi, na nyingi zinakimbilia kwenye damu na kwenye yule mpenzi, ndo maana nimeamua kukichambua mwenyewe, kwa sababu mimi ni nesi, nimekaa wodi ya watoto miaka mingi, na kila nikikisoma kisa hiki sioni kisu kwanza. Naona chumba cha daktari. Naona mama amekaa, mtoto pembeni yake, na daktari anauliza "mtoto anasumbuliwa na nini" huku anamuangalia mama.

Tuanze mwanzo.

Gypsy alizaliwa Julai 1991 Louisiana, maeneo ya Golden Meadow. Baba yake, Rod, alikuwa kijana wa miaka 17 wakati anamuoa Dee Dee aliyekuwa na 24, na hata kabla mtoto hajazaliwa walikuwa wameshaachana. Kwa hiyo mtoto akalelewa na mama peke yake. Dee Dee aliwahi kufanya kazi za msaidizi wa manesi, na hili usilipite haraka, maana mtu aliyekaa hospitali anajua lugha yetu, anajua majina ya dawa, anajua daktari akisikia dalili fulani ataandika kipimo gani. Mtoto ana miezi mitatu tu mama akaanza kusema anakata pumzi usiku. Wakalazwa wakapimwa usiku kucha, haikuonekana kitu. Mama hakukubali. Kutoka hapo orodha ikawa ndefu, kromosomu zina kasoro, pumu, kifafa, misuli inadhoofika, saratani ya damu, macho, masikio. Mtoto alipokuwa na miaka kama 7 au 8 alipata ajali ndogo akiwa kwenye pikipiki na babu yake, akachubuka goti. Goti tu jamani. Mama akasema ameumia kiasi cha kuhitaji kiti cha magurudumu, na mtoto akakaa kwenye hicho kiti mpaka amekuwa mwanamke mzima.

Agosti 2005 kikaja kimbunga Katrina. Kwa maelfu ya watu wa Louisiana Katrina ilikuwa msiba mkubwa, na kwa Dee Dee pia nyumba ilienda, ila ilimpa kitu ambacho mtu wa aina yake angekitafuta maisha yake yote, sababu ya kutokuwa na karatasi. Cheti cha kuzaliwa kimeenda na maji. Mafaili ya hospitali yameenda na maji. Wakahamishiwa Missouri kama wahanga, na huko daktari yeyote akiuliza vipimo vya nyuma viko wapi, jibu lipo tayari, na nani atamkazia macho mama aliyenusurika mafuriko na mtoto mlemavu mgongoni? Umri wa mtoto nao ukaanza kupunguzwa. Mwaka 2008 shirika la Habitat for Humanity likawajengea ile nyumba ya pinki. Wakapewa safari za Disney, wakapandishwa ndege bure kwenda kuonana na madaktari, bima ya serikali ya watu wasio na uwezo ikalipa bili.

Baba hakuwa amekimbia, na hili linaniuma sana. Mtaani Dee Dee alisema ni mlevi wa madawa ambaye hajawahi kutoa hata senti, kumbe Rod alikuwa anatuma dola 1,200 kila mwezi na alikuwa anapiga simu. Siku Gypsy anatimiza miaka 18 alipiga ampongeze binti yake kwa kuwa mtu mzima, mama akamuwahi kwenye simu, asimtajie umri, maana yeye anajua ana miaka 14 na ataumia. Baba wa watu akanyamaza. Nimejiuliza mara nyingi ningekuwa mimi ningefanyaje, na jibu la kweli ni kwamba ningenyamaza vilevile, kwa sababu mtu anayelala na mgonjwa ndo anayemjua mgonjwa, hivyo ndivyo tulivyolelewa kuamini.

Sasa tuje kwenye mwili wenyewe, kwa sababu uongo huu ulikuwa na makovu. Huyu mtoto alipasuliwa. Alitobolewa tumbo akawekewa mrija wakati mdomo wake unaweza kula. Alifanyiwa upasuaji wa macho. Aliwekewa vijibomba masikioni. Kwa kuwa mama alisema mtoto anatokwa mate kupita kiasi, tezi zake za mate zilichomwa sindano na baadae zikatolewa, na Gypsy alikuja kusema kwamba mama yake alikuwa anampaka dawa ya ganzi mdomoni kabla ya kuonana na daktari ili mate yatoke. Meno yaliharibika yakang'olewa. Nywele mama alikuwa anazinyoa mwenyewe, anamwambia zitadondoka tu kwa ajili ya dawa, bora tuzitoe mapema. Kila daktari aliyeshika kisu alishika kwa nia njema, na hakuna hata mmoja aliyemuonea, kwa maana ya kukusudia. Walitibu maelezo.

Hapa nieleze kidogo kwa ambaye hajawahi kufanya kazi hizi. Mtoto akiletwa kitu cha kwanza tunachukua historia. Imeanza lini, anatapika, anakojoa vizuri, usiku analalaje. Mtoto hawezi kujieleza kwa hiyo anaeleza mama, na kwa kweli mara nyingi mama yuko sahihi, tunafundishwa kabisa kwamba mama akisema mwanangu leo hayuko sawa usimpuuze hata kama kipimajoto hakioneshi kitu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nimeona watoto wamepona kwa sababu mama aligoma kurudishwa nyumbani. Hiyo imani ndo mlango alioingilia Dee Dee, na ndo maana ugonjwa huu, wa mzazi kumbunia mtoto maradhi, ni mgumu kuukamata, unapita kwenye mlango uleule unaopitisha uhai.

Mwaka 1977 daktari wa watoto wa Uingereza, Roy Meadow, aliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu akina mama wawili, mmoja alikuwa anachafua mikojo ya mwanae ya kupeleka maabara ili ionekane mtoto ana ugonjwa wa figo, mwingine alikuwa anamlisha mtoto chumvi nyingi mpaka akafa. Akaita hali hiyo Munchausen kwa kupitia mtu mwingine, siku hizi imepewa jina refu zaidi la kitaalamu lenye maana ya maradhi ya kubuni anayotwishwa mwingine. Dee Dee mwenyewe hakuwahi kukaa mbele ya daktari wa akili akapewa jina hilo, alikufa kabla, kwa hiyo wanaosema alikuwa nao wanasoma kutoka kwenye matendo. Mimi nakubaliana nao. Lakini niseme na upande wa pili, maana huyohuyo Meadow baadae alitoa ushahidi mahakamani dhidi ya mama mmoja wa Kiingereza, Sally Clark, aliyefiwa na vichanga viwili, akasema uwezekano wa vifo hivyo kutokea vyenyewe ni 1 kati ya milioni 73. Hesabu ilikuwa mbovu. Mama akafungwa 1999, akatolewa 2003 baada ya hukumu kutenguliwa, na miaka michache baadae akafariki. Kwa hiyo ukitoka hapa ukaanza kumshuku kila mama anayerudi hospitali mara tatu kwa wiki utakuwa umeua kwa njia nyingine. Siyo hicho ninachosema.

Ninachosema kipo kwenye faili la Gypsy mwenyewe. Mwaka 2007 alipelekwa kwa daktari bingwa wa mishipa ya fahamu wa watoto pale Springfield, Bernardo Flasterstein. Huyu baba alifanya kitu cha kawaida kabisa ambacho wenzake hawakukifanya, alimuangalia mtoto. Akapima misuli, akaona ina nguvu, akamsimamisha, akaona miguu inabeba uzito. Vipimo vya MRI, yaani picha za ndani ya mwili, vikarudi safi. Akamwambia mama haoni sababu ya huyu mtoto kutotembea. Halafu akanyanyua simu akamtafuta daktari wa New Orleans aliyewahi kumuona, akaambiwa kile kinyama cha msuli kilichokatwa kupimwa zamani kilionesha hana ugonjwa wa misuli. Akaandika kwenye faili kwamba mama si mtu wa kutegemewa kwenye kutoa historia, na kwamba kuna uwezekano mkubwa hii ni Munchausen. Imeandikwa, kwa mkono wa daktari, miaka 8 kabla ya kile kisu.

Dee Dee hakurudi tena kwake. Akaenda kwa wengine. Na Flasterstein hakupeleka taarifa ustawi wa jamii, alikuja kueleza baadae kwamba aliona hawatamuamini, mama alikuwa anapendwa kila mahali. Mwaka 2009 kuna mtu asiyejitaja alipiga simu polisi kwamba huyu mama anatumia majina na tarehe za kuzaliwa tofauti tofauti. Polisi wakaenda nyumbani, mama akawaeleza kwamba anamkwepa mume wake wa zamani aliyekuwa anampiga, mtoto wakamuona kwenye kiti, wakaridhika, faili likafungwa.

Sasa nenda kwenye kile chumba cha daktari nilichosema mwanzoni. Gypsy ameeleza walivyokuwa wanakaa. Mama anaongea, yeye kanyamaza, mkono wa mama umeshika mkono wake. Majirani walikuwa wanaona ule mkono wanasema jamani mapenzi yale. Gypsy akianza kusema kitu ambacho hakitakiwi, mama anaubana. Anabana kwa nguvu huku anatabasamu na daktari. Wakifika nyumbani ndo mambo mengine. Nimewahi kuona mikono mingi ya akina mama juu ya mikono ya watoto wao, mtoto anaogopa sindano, mama anamshika, ni kitu kizuri kuliko vyote wodini. Toka nisome hilo siangalii tena kwa jicho lilelile, na sijui kama nashukuru au nasikitika.

Mwaka 2011 alijaribu kutoroka na mwanaume waliyekutana kwenye kongamano la mashabiki wa hadithi na filamu za kisayansi za kubuni. Mama akawapata. Akamwambia yule mwanaume huyu ni mtoto mdogo, nitakuitia polisi. Kompyuta akaipasua kwa nyundo, na binti kwa maelezo yake mwenyewe akafungwa pingu kitandani kama wiki mbili. Na mama akamwambia kitu ambacho kwangu ni kibaya kuliko pingu, kwamba ameshapeleka karatasi polisi kwamba Gypsy hana akili timamu, ukienda kusema hakuna atakayekusikiliza. Wanaouliza kwa nini hakusimama tu akatembea mbele za watu, jibu ni hilo. Alikuwa na miguu, hakuwa na mdomo. Shule hakwenda, umri wake hana uhakika nao, baadhi ya magonjwa aliamini kweli anayo, na kila mtu mzima aliyewahi kumjua alikuwa anamuuliza mama yake.

Usiku mama akilala yeye anaingia mtandaoni kimyakimya. Kama 2012 akampata Nicholas Godejohn kwenye tovuti ya Wakristo wanaotafuta wachumba, kijana wa Wisconsin, naye ana changamoto zake za usonji. Wakachati miaka. Machi 2015 wakapanga wakutane sinema kana kwamba wamekutana kwa bahati, ili mama ampende. Mama hakumpenda. Juni kijana akarudi kwa basi, na usiku mmoja mama akiwa amelala Gypsy akamfungulia mlango, akampa glavu na kisu, akaingia bafuni akaziba masikio. Alisikia mama yake anaita jina lake. Sitaandika zaidi ya hapo. Wakachukua hela kama dola elfu nne zilizokuwa ndani, kisu wakakituma kwa posta Wisconsin, wakaondoka. Na ile post ya Facebook iliyowakamatisha waliiweka wenyewe, kwa sababu Gypsy alitaka mwili upatikane mama asiendelee kulala pale.

Hili la mwisho linanisumbua mpaka leo, kwamba huyohuyo aliyefungua mlango ndo aliyeshindwa kuvumilia mama yake asizikwe.

Mahakamani mwendesha mashtaka, Dan Patterson, aliamua kutoomba hukumu ya kifo kwa kuona kesi yenyewe si ya kawaida. Julai 2016 Gypsy akakiri kuua kwa daraja la pili, yaani kosa la kuua lililo chini ya lile zito kabisa la daraja la kwanza, akapewa miaka 10. Wakili wake alisema watu wengi wakiingia jela wanapungua, huyu aliongezeka ratili 14 ndani ya mwaka, kwa chakula cha jela, kwa kula kwa mdomo tu. Godejohn akasikilizwa Novemba 2018, mawakili wakaeleza hali ya akili yake, haikusaidia, daraja la kwanza, na Februari 2019 akafungwa maisha bila msamaha. Hapo moyo wangu haujatulia. Yeye ndiye aliyeshika kisu, sawa, hilo halina mjadala, ila ukiangalia miaka 10 ya mmoja na maisha yote ya mwingine unaona kwamba mahakama ilifanya kile ambacho hospitali haikufanya, ilimsikiliza Gypsy. Yule kijana naye nani alimsikiliza vizuri? Najua wengi hamtakubaliana nami.

Gypsy alitoka Desemba 28, 2023, baada ya kutumikia asilimia 85 ya kifungo. Akiwa ndani aliwahi kusema jela alikuwa huru kuliko nyumbani. Na alipokuwa anakaribia kutoka alisema mama yake hakustahili kufa, alikuwa mgonjwa, alistahili kukaa jela pale alipokaa yeye. Sijasikia hakimu aliyesema vizuri zaidi. Mwaka mmoja baadae, mwishoni mwa Desemba 2024, akajifungua mtoto wa kike, na siku akimpeleka kliniki ataulizwa yeye mtoto anasumbuliwa na nini.

Mimi toka nimeanza kukifuatilia kisa hiki nimebadilisha kitu kimoja kazini. Mtoto akiwa mkubwa wa kuongea, na akiwa amerudi mara nyingi bila tunachokiona, namuomba mama aende dirishani kuchukua dawa au akapeleke karatasi ya maabara, dakika tano tu, halafu navuta stuli nakaa chini ya usawa wa mtoto namuuliza mwenyewe, wewe unaumwa wapi? Wengi wanaonesha tumbo, wengine wanataka juisi, hamna kitu. Wiki chache zilizopita mtoto wa miaka tisa aligeuka kwanza akaangalia mlango, akahakikisha umefungwa, ndo akaanza kunijibu.